Mtanzania mgeni Nairobi: wikendi nile wapi, nikae wapi, na sikukuu mnazifanyia wapi?

MsukumaSouthB
Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Natokea Mwanza, nimeletwa Nairobi na kazi, ofisi imenipangia nyumba South B. Kazini hakuna tatizo. Wananicheka nikisema "naomba" kabla ya kila kitu, lakini tunaelewana. Tatizo ni Jumamosi na Jumapili. Ikifika Ijumaa jioni kila mtu anashika njia yake, mimi nabaki na simu na birika la chai. Nimezunguka maduka makubwa mpaka walinzi wamenizoea, wananikagua mfuko huku wanaangalia pembeni.

Chakula changu ni kilekile: ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga, kwenye kibanda kilicho chini ya ghorofa ninayoishi. Mama anapika vizuri, sina lawama, ila ulimi umechoka. Pia nataka mahali penye miti, nikae na kitabu changu saa mbili tatu bila kulipishwa kama mtalii wa Ulaya. Halafu hizi sikukuu zenu. Siku ya Madaraka nilivaa vizuri nikatoka, nikitegemea ngoma barabarani. Mtaa mzima watu walikuwa wanafua mazulia. Sasa watu wa Nairobi mnasherehekea wapi?

Msiniambie mkahawa wa Carnivore. Bosi alishanipeleka, na kwa mshahara wangu sirudi kule kwa hela yangu mwenyewe.

---

Kijana_wa_Kaloleni
Ijumaa, saa 3:41 usiku

Karibu Nairobi, msee. Kwanza toka hapo South B. Panda matatu mpaka tao, yaani katikati ya mji, hapo uchukue ya Jogoo Road, ushuke soko la Burma. Pale nyama inaning'inia, unaiangalia mwenyewe, unaambia jamaa wa bucha akukatie nusu kilo, anapima ukiona, halafu inaingia kwa moto. Usiwe na haraka. Inakuja kwa ubao imekatwakatwa, na ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Ni mkono tu, ukiitisha uma watakuangalia. Wengine watakuambia wanaweza kukuchemshia kwanza ndio ilainike. Usikubali, choma ni ya kutafuna.

Kwa samaki najua mtu wa Mwanza atasumbua. Ukikula tilapia hapa uliza kama ni ya ziwa ama ni ya China. Mingi sokoni inatoka huko ikiwa imegandishwa, ndio maana bei iko chini. Omena haidanganyi mtu, ni wale dagaa wenu tu.

Madaraka? Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kanyaga uwanja wa Nyayo siku ya sherehe. Hiyo ni siku ya kulala na kufua. Uliona vizuri.

---

BintiPangani
Jumamosi, saa 1:25 asubuhi

Kaka wa Mwanza, pole na upweke. Mimi ni mtu wa Pangani ya Tanga ninayekaa Pangani ya Nairobi, nauza duka la dawa Ngara, na nilikuja peke yangu kama wewe. Huyo kijana wa Kaloleni hajakosea kuhusu Burma, ila watu watakutajia majina ya mahali mpaka uchanganyikiwe. Mimi nakwambia anza na saa. Kila kitu cha mji huu kina saa yake na siku yake. Ukikikosa unakuta ukuta mtupu, unarudi ndani unasema Nairobi haina kitu.

Chukua mutura. Mchana huioni kabisa. Jua likianza kuzama, hasa Ijumaa, jiko la mkaa linatokeza kwenye kona ambayo asubuhi ulipita hapakuwa na hata kigoda. Utumbo umejazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, kitunguu, dhania na pilipili, umechemshwa, sasa unamaliziwa juu ya makaa na mafuta yanachuruzika. Sahani hakuna. Muuzaji ana ubao mmoja na kisu kilicholika kwa kunolewa. Unasema "ya hamsini," anakata kwa kipimo cha jicho lake, tok tok tok, anasukuma vipande upande wako. Katikati ya ubao kuna kirundo cha chumvi na kachumbari. Mnauzunguka ule ubao watu saba, wanane, mwenye tai na mwenye mkokoteni, wote mnachovya chumvi ileile, na kila mtu anajua vipande vyake ni vipi. Mimi Mwislamu siili kwa sababu ya hiyo damu. Nasimama na shoga yangu wa Murang'a, yeye anakula, mimi nasikiliza. Habari za mtaa zote zinatolewa pale: nani kahama, nani kapandishiwa kodi, nani kanunua kiwanja ambacho si kiwanja. Saa tatu usiku ukipita, jiko limeshaondoka.

Mlo wangu mimi ni Eastleigh, mchana. Ukiwa tao panda matatu namba 6 au 9. Agiza nyama ya ngamia na wali wa Kisomali, utaletewa na ndizi mbivu. Usiiweke kando ukasubiri kumaliza kula. Inamenywa na inaliwa na wali, tonge kwa tonge. Mara ya kwanza utashangaa, ukirudi utaidai kabla hujakaa. Kuna na maziwa ya ngamia. Mengi yanapandishwa basi kutoka Isiolo, biashara ni ya akina mama, na yana harufu ya moshi kwa sababu vyombo vyake hufukizwa. Wengine yanawashinda. Mimi nayapenda baridi. Ila fika kabla ya saa nane, ukichelewa sana unaletewa mifupa na maelezo.

Diamond Plaza pale Parklands ni ya jioni, na uende na roho ngumu. Hujavuta kiti, wahudumu wameshakuzunguka, kila mmoja anakusukumia menyu ya mkahawa wake. Chagua mmoja, mwangalie machoni, umpe jina la unachotaka. Wengine wataondoka wenyewe. Bhajia za Maru, yaani viazi vilivyokatwa vyembamba vikavishwa unga wa dengu, na mogo, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mihogo tunaijua sisi, lakini ile wameipatia.

Sasa miti. Kwa mtu mwenye kitabu nasema Arboretum, karibu na Ikulu, Jumamosi asubuhi. Ilianzishwa mwaka 1907. Wakoloni walikuwa wanajaribu miti ya kigeni, waone ipi inakua haraka ipate kuwa kuni za treni, ndiyo maana ukizunguka unakutana na miti ya kila upande wa dunia, mingine na vibao vya majina. Jumapili usiende na kitabu. Siku hiyo chini ya miti kuna watu wanaomba kwa sauti, mtu kafumba macho anakwenda mbele anarudi nyuma, kwaya inafanya mazoezi, na maharusi wanapigwa picha. Panapendeza, ila ukurasa mmoja utausoma mara tatu.

Karura itengee siku nzima. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya mji, kuna maporomoko ya maji, mapango ya Mau Mau na baiskeli za kukodi. Usibebe maji ya chupa ya plastiki. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku misituni na mbugani. Na ukiwa mle ndani ujue huu msitu ulikuwa umeshaanza kugawanywa viwanja vya wakubwa. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti langoni, wakavamiwa na kupigwa, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Mwaka 2004 ndipo akapewa Nobeli ya Amani. Nikiona familia zimetandika leso pale na mabakuli yao ya pilau huwa namwombea.

Lakini pangu mimi ni City Park, naenda kwa miguu kutoka nyumbani. Hapajapambwa, na kuna vijia ambavyo sipiti peke yangu. Kima wamejaa, na sauti ya mfuko wa karanga wanaijua kuliko majina ya watoto wao. Kuna makaburi mle, mojawapo la Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965. Hatua chache tu kuna bustani alikozikwa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Alitaka alazwe karibu na rafiki yake huyo. Bustani yenyewe ina sanamu za mawe, na mchana wa katikati ya wiki hukuti mtu. Kama una likizo ya siku moja, ipeleke huko.

Jeevanjee ni ya saa ya chakula cha mchana, siku za kazi, kama ofisi yenu iko tao. Mzee Jeevanjee aliutoa uwanja huo kwa watu wa mji mwaka 1906. Kona moja mhubiri na kipaza sauti, kona nyingine wabunge wa benchi wanaikosoa serikali mpaka saa nane, halafu kila mtu anarudi kazini kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Mbuga ya taifa iko jirani yako kabisa. Ni kilomita za mraba 117, ilitangazwa mwaka 1946, ina simba, faru na nyati, tembo hamna. Subiri ndugu wakutembelee mchangiane gari, na mwingie lango likifunguliwa alfajiri. Humo ndimo zilimochomwa pembe za ndovu, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na siku hizi watu hufungua vikapu vya chakula pale pale kwenye majivu. Mimi chakula hakinishuki pale, lakini wenzangu hula.

Za sikukuu nitaandika jioni, duka limeshafunguliwa.

---

MvitaMjini
Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Binti wa Tanga kasema vyema, ila kasahau Pumwani. Mtu wa pwani akitaka kujihisi yuko kwao hapa Nairobi aende Majengo, hukohuko Pumwani, asubuhi, apate mahamri na mbaazi za nazi kabla hazijaisha. Sio mandazi haya yenu ya bara, lile moja wanaliita KDF, ukimtupia mtu unampasua. Nyumba za zamani za Waswahili zimebaki chache, ghorofa zimezimeza, lakini salamu bado ni ya kwetu: mtu hakupiti bila kukuuliza hali.

Na pilau ndugu yangu usinunue mahali popote palipoandikwa pilau. Watu hapa wanaweka karoti. Nimekaa miaka mingi na hilo sijalizoea wala sitalizoea.

---

Kijana_wa_Kaloleni
Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Karoti iko sawa buda. Wacha vita.

---

BintiPangani
Jumamosi, saa 2:15 usiku

Nimerudi. Karoti kwenye pilau naungana na Mvita, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.

Kaka, Madaraka uliitafuta mahali ambapo haiko. Sherehe za taifa zinafanyiwa uwanjani, na watu wanaingia kabla hakujapambazuka. Ulipokuwa unachana nywele, gwaride lilikuwa linaendelea. Tena hiyo ya Juni na ile ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba huzungushwa kaunti kwa kaunti, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Mtaani zinabaki kuwa siku za mazulia.

Iddi nayo ukiitafuta mchana utaona watu wamevaa kanzu wanasubiri matatu, basi. Iddi ya mji huu inaanza kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, usiku, Eastleigh. Baada ya tarawehe watu wanamiminika madukani, akina mama wanapima madira juu ya mabuibui yao palepale barabarani, watoto wamelala mabegani, wapaka hina wana foleni. Njia haipitiki na hakuna anayelalamika. Ukitaka kuona, nenda hata kama si Mwislamu, ila simu iweke mfuko wa ndani. Asubuhi ya Iddi wengi husali uwanja wa Sir Ali Muslim Club, karibu na Ngara, na ikifika saa tatu kila mtu yuko kwao anakula.

Diwali, ama Oktoba ama Novemba, ni ya macho. Ukiwa Ngara au Parklands usiku ule unaona fataki zinapanda kutoka kwenye mapaa. Jirani yangu Mgujarati huniletea sahani ya vitamutamu, na mimi Iddi humpelekea visheti. Kama hujui, Wahindi wa Kenya walitambuliwa kuwa kabila la 44 la nchi hii mwaka 2017. Kuna waliofurahi, kuna waliouliza walikuwa nani kabla ya hapo.

Sasa Krismasi, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu wewe itakukuta na huna habari. Watu wa Nairobi wengi hawaisherehekei Nairobi. Nyumbani kwa mtu ni kwa baba yake, huko mashambani, wenyewe wanasema ocha au shags. Hapa mjini wamekuja kutafuta tu, hata aliyezaliwa hapa akakulia hapa. Kuanzia katikati ya Desemba utawaona wenzako ofisini akili haipo. Tarehe 22, 23, nenda kasimame stendi ya mabasi ya Machakos, hapa hapa Nairobi, hata kama husafiri. Kuna magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, makarai mapya, mikate mirefu ya dukani kwa ajili ya bibi, mablanketi, jogoo mmoja anayesafiri kinyume na wenzake. Nauli imepanda mara mbili na inapanda tena ukiwa bado unabishana. Makondakta wamepoteza sauti. Watu wamesimama na watoto tangu usiku na bado wanacheka, kwa sababu wanakwenda kwao.

Halafu tarehe 25 unaamka kumetulia. Barabara ya Thika unaivuka ukitembea, ile ambayo siku zote unapanda daraja la juu ndipo uvuke. Vibanda vimefungwa, na mama yako wa sukuma wiki amekwenda Kitui au Siaya au Nyeri, kwa hiyo nunua unga na mafuta mapema. Tunaobaki ni sisi wageni, Waislamu, walinzi na wauguzi wa zamu. Mimi siku hizo nazipenda kupita kiasi. Hewa inakuwa safi, vilima vya Ngong vinaonekana kutoka mbali, na pale City Park tunakutana Watanzania, Wakongo, Waburundi, kila mtu na sufuria lake. Mtu akikualika kwao lakini, usibaki kwa ajili yetu, nenda. Utachinjiwa mbuzi, utawekwa mbele ya wazee uulizwe maswali ya Tanzania, na utalazwa kitanda cha wageni chenye mablanketi matatu kwa sababu kule juu ni baridi. Beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu.

---

MvitaMjini
Jumamosi, saa 2:50 usiku

Wengine hawaendi kwao, wanatushukia sisi Mombasa! Tangu treni mpya ya Nairobi na Mombasa ya 2017, Desemba ufuo hauna nafasi ya kuweka mguu, na mahamri yanaisha saa moja asubuhi.

---

MsukumaSouthB
Jumapili, saa 12:40 jioni

Dada BintiPangani, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili. Jana mchana nilikwenda Eastleigh kabla hujaandika ya jioni. Ngamia nimemkubali, ndizi nimeila na wali kama ulivyosema, maziwa yamenishinda, nimeyaacha nusu na mama aliyeniuzia amenicheka bila kuficha. Leo asubuhi nikaenda Arboretum na kitabu, kwa ubishi tu. Kweli. Baba mmoja aliombea mti wangu mpaka nikahama.

Na Kijana, tilapia nimeuliza kama ulivyoniambia. Muuzaji akanijibu, "Samaki ni samaki, boss." Nimeagiza omena.

Swali moja: pale City Park mnapokutana na masufuria ni Desemba tu? Mimi sato najua kumpika, na kuna jamaa wa Kisumu kazini anaweza kunipatia wa ziwani kweli.

---

Kijana_wa_Kaloleni
Jumapili, saa 12:52 jioni

Kama kuna samaki wa ziwa mimi nakuja na ugali. Sitaki mambo ya mazungumzo mengi.

---

BintiPangani
Jumapili, saa 3:30 usiku

Hukutana hata siku nyingine za mapumziko, bora mvua isiwepo. Yenye tarehe rahisi kukumbuka ni 10 Oktoba, siku ya Mazingira, duka letu hufungwa. Tunakaa upande wa Limuru Road, penye mabenchi ya saruji, kuanzia saa nne. Sato mlete ameshapikwa na sufuria lifungwe kwa kitambaa kikazwe fundo mbili, kwa sababu ya kima. Mfuniko peke yake wanaufungua.

Na wewe Kijana, ugali uwe wa moto.